Jezi Nambari 3 Haina Mwenyewe

Karibu barua zote za mwezi huu zinahusu uteuzi wa Simbas, timu yetu ya taifa ya Kenya katika raga ya wachezaji 15 kila upande. Julai 2025 mjini Kampala Zimbabwe ilitung'oa katika nusu fainali ya Kombe la Afrika, kisha ikailaza Namibia 30-28 katika fainali na kujikatia tiketi ya Kombe la Dunia la 2027 nchini Australia, nasi tukarudi nyumbani na swali lile lile la miaka yote: je, tulipeleka wachezaji waliofaa? Nimechagua barua tano.

SWALI: Mhariri, mimi ni shabiki wa klabu ya Kabras hapa Kakamega. Kila kikosi cha Simbas kinapotangazwa mimi huhesabu wachezaji wetu, na kila mara naona tumepunjwa na klabu za Nairobi. Kwa nini kusiwe na mgao, klabu inayofanya vizuri ligini ikapata nafasi nyingi zaidi?

JIBU: Ndugu yangu wa Kakamega, uchungu wako naufahamu, lakini nadhani hesabu yako umeianzia pasipofaa. Kikosi cha siku ya mechi kina wachezaji 23, yaani 15 wanaoanza na 8 wa akiba, na sheria ya mchezo inadai kwamba wasiopungua 6 kati yao wawe wamefunzwa kusimama safu ya mbele ya skramu, ule msukumano wa kugombea mpira ambao mafowadi wanane wa kila timu hufungamana, ili propu yeyote (jezi nambari 1 au 3) au huka (nambari 2, anayesimama kati yao) akiumia awepo wa kumrithi bila kuhatarisha shingo ya mtu. Kwa hiyo, hata kabla kocha hajafikiria jina la klabu yoyote, zaidi ya robo ya orodha yake imekwisha kufungwa na kazi tatu tu, na kazi ngumu kuliko zote katika hizo tatu ni ile ya jezi nambari 3.

Siku moja nilisimama karibu na mstari wa pembeni katika uwanja wa raga wa RFUEA, Barabara ya Ngong, Nairobi, skramu zikifanyika hatua chache kutoka nilipokuwa. Nambari 3 wa timu moja alikuwa ameumia, na badala yake akasogezwa nambari 1 wao, kijana mwenye nguvu aliyekuwa akimsumbua mpinzani wake tangu mwanzo. Nambari 1 huingia skramu kichwa chake kikiwa huru upande wa kushoto, naye humshika mpinzani kwa mkono wa kushoto. Nambari 3 kichwa chake hubanwa kati ya wapinzani wawili, mabega yote mawili yanabeba mzigo, na mkono wa kushika ni wa kulia. Mwamuzi alipotoa amri zake tatu, nilimwona yule kijana akipapasa hewani akitafuta pa kushika jezi ya mwenzake, na kabla mpira haujaingia alikuwa ameinuliwa kifua wazi kama mtu anayetolewa mlangoni. Skramu tatu, penalti mbili. Kijana yule hakuwa mchezaji mbaya. Alikuwa amepangwa katika kazi ambayo si yake.

Sasa niambie, mgao wa klabu ungesaidia nini hapo? Kabras ikiwa na manambari 3 wawili bora nchini, wachukuliwe wote wawili pamoja na huka wao. Na ikiwa aliye bora yuko Nakuru katika klabu inayochungulia kushushwa daraja, aitwe huyo. Ubora wa klabu hauambukizi kila aliyevaa jezi yake, kwa sababu timu inayoshinda kwa alama 40 inaweza kuwa inambeba winga asiyejua kukaba na tusimjue, ilhali yule wa timu inayofungwa hukaba mara ishirini kwa mechi.

Nakuunga mkono kwa jambo moja. Jicho la mteuzi huona kilicho karibu nalo, na mtu anayeweza kufika Barabara ya Ngong au Ruaraka kwa matatu moja atamwona mchezaji wa huko mara nyingi kuliko yule wa Kakamega. Ningependa kabla ya kila orodha kutangazwa tuambiwe mechi zipi zilitazamwa, katika viwanja gani, na ni nani aliyezitazama. Dai hilo, nami nitatia sahihi chini ya jina lako.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa chuo, Mombasa. Shujaa, timu yetu ya taifa ya raga ya wachezaji saba, waliifunga Fiji wakatwaa taji la Singapore. Wachezaji hao wanajua mashindano makubwa. Kwa nini wasivalishwe jezi ya Simbas wote, tukamaliza mjadala?

JIBU: Dada yangu, ile Aprili 17, 2016, Shujaa wa marehemu Benjamin Ayimba walipoitandika Fiji 30-7 katika fainali, hata mimi nilitamani wachezaji wale wapewe kila jezi ya taifa, hata ya kriketi. Lakini raga ile kwa kawaida huchezwa kwa vipindi vya dakika 7, watu saba kila upande katika uwanja wa ukubwa ule ule wanaoutumia watu 15, na skramu yake ni ya watu watatu. Anayeng'ara pale ni mwenye mbio na pumzi, mwenye uwezo wa kumkaba mtu peke yake penye nafasi kubwa. Katika raga ya 15 nafasi hiyo haipo. Kuna dakika 80, kuna skramu ya watu wanane, kuna lainauti, yaani safu mbili za mafowadi wanaorukia mpira unaorushwa kutoka pembeni, na kuna kurundikana kwa miili ambako mbio hazisaidii.

Kwa hiyo wapo wanaohamia vizuri, hasa mawinga na wale wa nambari 15, walinzi wa nyuma kabisa, na mara mojamoja fowadi mwepesi wa safu ya nyuma ya skramu. Wengine wakiletwa kwa sifa ya jina tu, tunawaonea wao na kuwaonea waliokuwa wakiizoea nafasi hiyo kila Jumamosi. Halafu kuna kalenda. Julai 2024 Shujaa walikuwa kwenye Olimpiki ya Paris katika wiki ile ile ambayo Kombe la Afrika la wachezaji 15 lilikuwa likiendelea Kampala. Mchezaji mmoja hawezi kuwa Paris na katika uwanja wa Namboole, Kampala, na timu iliyojengwa juu ya watu wa kuazima hubomoka mwenye mali anapowahitaji. Shujaa wenyewe walishuka daraja London mwezi Mei 2023, wakapanda tena Madrid mwezi Juni 2024. Wana shughuli yao ya kutosha.

SWALI: Mimi ni mzee wa Nakuru, nilicheza propu enzi ambazo mchezaji alitoka uwanjani kwa machela tu. Siku hizi makocha hujaza benchi mafowadi sita, na nasikia Afrika Kusini hata saba. Huu ni uteuzi au ni usajili wa wabebaji mizigo?

JIBU: Shikamoo, Mzee. Hao wabebaji mizigo wamebeba Kombe la Dunia, kwa hiyo tuzungumze nao kwa adabu.

Katika fainali ya Oktoba 28, 2023 jijini Paris, Afrika Kusini ilikuwa na mafowadi saba na beki mmoja tu kwenye benchi. Kisa chenyewe kilianza wiki kadhaa nyuma, huka wao Malcolm Marx alipoumia goti mazoezini katikati ya mashindano. Mtu yeyote wa kawaida angeita huka mwingine. Wao wakamwita Handré Pollard, ambaye kazi yake ni kuongoza mashambulizi na kupiga mikwaju, wakisema kwamba Deon Fourie, mtu wa safu ya nyuma aliyewahi kucheza huka, atamtosha huka aliyebaki, Bongi Mbonambi, kama msaidizi. Fainali ilipoanza, Mbonambi akaumia hata dakika tano hazijatimia. Fourie akaingia, akacheza karibu mechi nzima, na lainauti zao zikayumba kweli kweli. Wote tuliokuwa tukitazama tulijua ni kwa nini. Lakini alama zote 12 za Afrika Kusini zilitoka mguuni mwa Pollard, na New Zealand ikabaki na 11.

Uteuzi ule ulikuwa wa busara au wa bahati? Mimi naona ulikuwa wa busara, kwa sababu walijua watapoteza nini na wakaamua kupoteza hicho ili wapate mpigaji wa mikwaju asiyetetemeka. Kosa letu sisi lingekuwa kunakili umbo bila kuwa na watu. Benchi la mafowadi saba lina maana pale ambapo mafowadi hao ni sawa na walioanza au wazito kuwashinda. Novemba 2022 jijini Dubai, katika mchujo wa mwisho wa Kombe la Dunia, tulifungwa 68-14 na Marekani, 85-0 na Ureno, na 22-18 na Hong Kong. Katika mechi ya 85-0 usitafute jawabu kwenye benchi. Hong Kong ndiyo ya kujadiliwa, kwa kuwa alama nne hufutwa na trai moja, nayo huweza kuzaliwa na skramu moja, na huko ndiko jina la mchezaji wa akiba huwa na uzito.

SWALI: Ninaishi Leeds, Uingereza. Mwanangu amezaliwa huku na anacheza raga katika timu ya vijana. Bibi yake alizaliwa Kisumu. Je, anaweza kuchezea Kenya, au hadi ahamie huko?

JIBU: Anaweza, bila kuhama. Kanuni za Shirikisho la Raga Duniani zinamruhusu mchezaji kuiwakilisha nchi aliyozaliwa yeye, mzazi wake au babu na bibi yake; asiye na nasaba hiyo ndiye anayelazimika kusajiliwa na chama cha raga cha nchi hiyo pekee kwa miaka mitano mfululizo, au kukaa nchini jumla ya miaka kumi. Tunzeni cheti cha kuzaliwa cha bibi, kwa maana hicho ndicho kitakachoulizwa. Tangu Januari 2022 hata aliyekwisha kuchezea nchi nyingine anaweza kubadili mara moja, mradi amekaa miaka mitatu bila kuichezea na awe na uzao huo. Ndivyo Tonga na Samoa zilivyowapata wachezaji kadhaa waliowahi kuvaa jezi ya New Zealand kwa ajili ya Kombe la Dunia la 2023.

Ombi langu kwako ni moja tu: akiitwa, aje mapema. Hakuna kinachokera kambi kama mtu wa ughaibuni anayetua siku tatu kabla ya mechi, akavishwa jezi ya kijana aliyekuwa akiamka alfajiri tangu Machi.

SWALI: Mimi ni mama, Eldoret. Mwanangu ana miaka 21 na kilo 118, na huko klabuni anacheza nambari 8, fowadi wa nyuma kabisa ya skramu. Aliitwa kambini, kisha orodha ikapunguzwa na yeye akaachwa bila kuelezwa chochote ila kwamba "ajaribu nambari 3". Amekasirika, anasema hatajaribu. Nimshauri nini?

JIBU: Mama, hili ndilo lalamiko ninaloliona zito kuliko yote, na sehemu yake ya kwanza haimhusu mwanao hata kidogo. Kocha ana haki ya kumwacha amtakaye, kwa kuwa matokeo mabaya ataulizwa yeye. Lakini mchezaji aliyekuja kambini, akaacha kazi au masomo, anastahili kuambiwa ana kwa ana ni nani aliyemtangulia katika nafasi yake na ni kipi hasa alichokosa: ni mbio, ni ukabaji, ni pumzi za dakika ya sabini, au ni kwamba wapo wengine watatu wa aina yake? Neno moja la mlangoni halitoshi. Mwanao aandike barua fupi yenye heshima kupitia meneja wa klabu yake, aulize hayo, na asimtaje mchezaji mwingine yeyote kwa ubaya.

Sehemu ya pili ni ile hasira. Manambari 8 wazuri tunao wengi, na kila mwaka wanazidi. Manambari 3 wa kiwango cha kimataifa ni adimu, si kwetu tu, na kijana wa kilo 118 mwenye mbio za nambari 8 huenda ameonyeshwa njia fupi kuliko zote ya kufika Simbas, ingawa ameonyeshwa vibaya. Mwambie asikatae kabla hajajaribu. Ila naye asiharakishwe: yule kijana niliyemwona Barabara ya Ngong alikuwa propu tayari, na bado upande wa pili ulimshinda. Mwanao aanze kwa kuimarisha shingo na mgongo, aende kwenye mashine ya skramu ya klabu, kisha skramu za mazoezi dhidi ya mtu mzoefu atakayemvumilia. Hata timu ikikosa mtu siku hiyo, asikubali kupangwa nambari 3 katika mechi kabla mkufunzi wa mafowadi hajaridhika na namna anavyoinama na anavyoshika kwa mkono wa kulia.