Ekari tatu za soya, ndoo tatu za udongo

Ukisimama barabarani, shamba langu la soya huku Songea vijijini linaonekana moja: ekari tatu kwenye mteremko mdogo. Ingia na jembe ndipo utalijua. Juu, lilipokuwa zizi la ng'ombe la marehemu baba, mchicha pori unakufika kifuani. Katikati, ambako mvua imekomba udongo wa juu miaka nenda rudi, kuna vijinyasi na kishona nguo chembamba. Chini, karibu na bonde, ni ndago tupu.

Msimu wa kwanza niliweka mbolea sawasawa kote. Pale zizini soya ikarefuka, ikalala, majani tele na maganda ya kuhesabu. Katikati ikadumaa na kuwa njano. Mistari haikufunga, yaani majani ya mstari mmoja hayakukutana na ya mwingine, jua likapiga ardhini, magugu yakaota mpaka wiki ya kuvuna.

Nikaamua kupima udongo, na hapo pia nikajiroga mwenyewe. Nilichota huku na huku, nikachanganya kwenye ndoo moja. Majibu yakaja ya udongo wa wastani, udongo ambao kwangu haupo popote! Mwaka uliofuata nikabeba ndoo tatu. Kila sehemu nilichota mara kumi na tano hivi, kwa kwenda zigizaga, kina cha sentimita 20, nikachanganya na kufunga nusu kilo kwenye mfuko wake. Katikati pH, yaani kipimo cha uchachu wa udongo (namba ikishuka, uchachu unazidi), ilikuwa 4.9, wakati soya hustawi zaidi kwenye 6 na kidogo juu yake. Nadhani hela ya vipimo vitatu ilirudi kwa mbolea niliyoacha kuitupa zizini.

Kama huna hela ya kupima sasa hivi, soya ikianza maua chimbua mche mmoja kila sehemu, taratibu, usikate mizizi. Pasua kwa ukucha vinundu, vile vivimbe vidogo kwenye mizizi. Ndani vikiwa na wekundu kama nyama, bakteria waliomo wananasa naitrojeni ya hewani na kuilisha soya. Vyangu vya katikati vilikuwa vinne tu, vyeupe ndani. Bakteria hao hawapendi udongo mchachu.

Sasa katikati naweka chokaa ya kilimo mapema kabla ya kupanda, samadi, na mbolea ya kupandia yenye fosforasi. Zizini siweki kitu, ila palizi naanzia huko, siku ya 14 baada ya kupanda, maana nikichelewa wiki moja mchicha pori unaifunika soya. Ndago ndiyo iliyonitoa jasho. Nilikuwa naikatakata kwa jembe, kumbe natawanya vitunguu vyake vidogo vya ardhini, na kila kimoja kinaota. Siku hizi nalima pale kiangazi, navianika juani, na jembe nalikung'uta udongo wote kabla ya kwenda nalo sehemu za juu. Vijana wa kibarua wananicheka kwa hilo.

Mwaka huu mistari ya katikati imefunga, isipokuwa kipande kando ya mwembe, bado njano. Hapo nitapeleka ndoo ya nne.