Kifungu cha Wafanyakazi Kinadaiwa Kabla ya Saini

Wiki iliyopita katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi, kijana bado, aliniandikia: "Mzee wangu, serikali inaanza mazungumzo ya biashara na taifa kubwa. Sisi tuingilie wapi?" Swali hilo lilinitonesha kidonda.

Niliwahi kutumwa na chama changu kwenye mazungumzo ya namna hiyo. Rasimu ya sura ya kazi, ile sehemu ya mkataba inayohusu haki za wafanyakazi, nilipewa siku mbili kabla ya saini. Neno "haki" lilijaa kila ukurasa, nikarudi kuwatangazia wenzangu ushindi. Kitenzi sikukitazama: nchi "itajitahidi" kulinda haki ya kujiunga na chama. Miaka miwili baadaye wenzetu 11 walifukuzwa kwa kuandikisha wanachama. Wakili alikifungua kifungu kile, akakigonga kitenzi kwa ncha ya kalamu, akasema, "Watadai walijitahidi." Mpaka leo inaniuma.

Basi soma vitenzi, kijana wangu. Soma na masharti yaliyojificha nyuma yake. Guatemala ilishtakiwa na Marekani chini ya mkataba wao wa biashara, kwa kutotekeleza sheria zake za kazi. Mwaka 2017 jopo la usuluhishi likakataa shauri, kwa kuwa haikuthibitishwa kwamba ukiukaji uliathiri biashara kati ya nchi hizo. Miaka mingi ya malalamiko ikaishia kwenye maneno machache.

Mexico ilikwenda tofauti. Wabunge wa Marekani walitaka kuona sheria mpya ya kazi kabla ya kupitisha mkataba mpya wa biashara, na Mei 2019 Mexico ikaitunga: wafanyakazi wapige kura ya siri kuchagua viongozi na kuridhia mikataba ya hali bora, yaani makubaliano ya chama na mwajiri. Wafanyakazi wa kiwanda cha magari cha Silao, huko Mexico, waliukataa mkataba wao wa zamani wa hali bora mwaka 2021, na mwaka uliofuata wakachagua chama huru.

Usidhani taifa kubwa linakuonea huruma. Linalinda ajira zake. Wewe tumia hofu yake, shirikiana na vyama vya huko, lakini madai yaandike mwenyewe. Serikali yako inalitamani soko lile, na wizara iliyokufungia mlango miaka yote sasa itakusikiliza. Ikishatia saini, haina tena haja nawe. Niliyaona hayo kwa macho yangu.

Umesema kikao cha kwanza ni mwezi ujao. Iombe rasimu leo, kwa barua, nakala kwa kamati ya bunge.