Kaseti za kwaya kwenye CD: majibu kwa wasomaji wa Nyanda za Juu Kusini

Shikamoo fundi. Kwaya yetu ina kaseti za zamani, tumepata mashine ya kurekodia CD. Kila waimbaji wakipandisha sauti, CD inakwaruza, ilhali kaseti yenyewe ni safi. – Mwanakwaya, Tukuyu

Marahaba, mwanangu. Mmeingiza sauti kubwa mno. Mshale wa kipimo cha sauti kwenye deki ya kaseti ukigusa wekundu kidogo, utepe huvumilia. CD haivumilii: kwenye kipimo cha mashine yake, desibeli 0 ndiyo mwisho, na kinachozidi hapo hukatwa, ndiyo huo mkwaruzo. Ukishakatwa haurudi, kwa hiyo msianze kurekodi kabla ya kupima. Tafuteni mahali sauti zote nne zinapoungana kwa nguvu, chezesheni hapo, mpunguze sauti inayoingia hadi kilele kibaki kama desibeli 6 chini ya sifuri. Wimbo ukitoka mdogo kidogo, msikilizaji ataongeza mwenyewe.

Waya nao uangalieni. Chukueni sauti kwenye matundu mekundu na meupe ya nyuma ya deki, yaliyoandikwa OUT, wala si kwenye waya wa spika. Kabla ya yote, safisheni kichwa cha deki kwa pamba na spiriti, kisha pelekeni kaseti mbele hadi mwisho na kuirudisha, maana utepe uliokaa miaka bila kuzungushwa hujigandisha. Kaseti ya dakika 90 haitoshi kwenye CD ya dakika 80; wekeni kila upande kwenye CD yake. Fanyeni mapema. Kaseti hizo zina sauti za wazee ambao hawatarekodiwa tena.

Mashine yangu inakataa CD tupu ambayo kompyuta inaipokea vizuri. Ni mbovu? – Msomaji, Iringa

Hapana, kaka. Mashine nyingi za nyumbani hudai CD tupu za muziki, zilizoandikwa "Digital Audio". CD za kompyuta huzitambua na kuzikataa. Mashine za studio hazina sharti hilo.

Nilinakili CD kwenda MiniDisc, ile diski ndogo ya kurekodia, kwa waya wa mwanga. Sasa nataka kuirudisha kwenye CD kwa waya uleule, mashine inagoma. – Msomaji, Makambako

Hiyo ni kinga iitwayo SCMS. Inaruhusu nakala ya kidijitali kutoka kwenye CD halisi, lakini inazuia nakala ya nakala. CD halisi bado unayo? Nakili kutoka kwayo. Kama imepotea, tumia waya za kawaida, nyekundu na nyeupe: kinga haihusiki huko, na ukipima sauti kama nilivyomweleza mwanakwaya, utapoteza kidogo sana. Ila nakala za kuuza ni jambo jingine. Kazi ya msanii inalindwa na Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999.

CD inacheza kwenye mashine iliyoirekodi tu, kwenye gari haisomeki. – Dereva, Mwanjelwa

Hujaifunga. Irudishe kwenye mashine, bonyeza FINALIZE, usubiri bila kuigusa. Umeme ukikatika hapo katikati, CD inaweza kuharibika kabisa, basi chagua saa tulivu. Kama ni CD-RW, redio nyingi za zamani za magari haziisomi hata ikifungwa.

Nikishachoma CD, kaseti nitupe? – Msomaji, Kyela

Usitupe, dada! Rangi inayobeba sauti ndani ya CD ya kuchoma huharibiwa na mwanga na joto, na Kyela joto mnalijua. Weka CD kwenye kasha, mbali na dirisha. Weka na faili la WAV, yaani faili la sauti la kompyuta, kwenye diski mbili tofauti, moja ikae nyumba nyingine.