Kabla hujaenda Pangani kupumzika, angalia mwezi kwanza

Mara ya kwanza naenda Pangani, mji wa pwani mkoani Tanga, nilikuwa na ratiba kwenye simu, nimeipanga kwa masaa kabisa. Ijumaa jioni kufika, Jumamosi asubuhi Maziwe, mchana kuzunguka mji mkongwe, jioni boti mtoni, Jumapili mapema nimo kwenye basi narudi Dar. Yani naenda kupumzika lakini ukiiona ile ratiba utadhani ni ziara ya waziri.

Jumamosi asubuhi nikashuka pale mtoni kwenye maboti, nikamkuta mzee mmoja anatengeneza nyavu, nikamwamkia, akaitikia marahaba mwanangu. Nikamwambia tunataka kwenda Maziwe. Akaniuliza, "Leo mwezi ngapi?" Nikajibu, "Wa tisa mzee, Septemba." Akaacha nyavu akamwita mwenzake aje anisikie. "Mwezi wa juu mwanangu, wa angani! Leo mwezi nane, maji mafu haya. Nikikupeleka utalipa mafuta ya bure."

Ndo nikajua sijapanga kitu.

Maziwe kwa asiyejua ni kisiwa cha mchanga huko baharini, maji yakijaa kinafunikwa hakionekani, yakipwa mchanga unatoka mweupe peee na pembeni kuna matumbawe ya kuangalia samaki. Zamani kilikuwa na miti kabisa, mivinje, na kasa walikuwa wanapanda kutaga mayai, sasa hivi miti yote imekwisha, bahari imeila, na kasa akitaga pale watu wa uhifadhi inabidi wayahamishie mayai ng'ambo kwenye ufukwe wa Ushongo yasije yakafunikwa na maji. Kwa hiyo kwenda Maziwe huendi unapotaka wewe, unaenda bahari ikitaka.

Hesabu yenyewe nimefundishwa hivi. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, siku mbili tatu hapo ndo bamvua, maji yanajaa sana na yanakupwa sana. Pwani yetu siku za bamvua maji yanajaa kama saa kumi, alfajiri na jioni, na kupwa kama saa nne, asubuhi na usiku, halafu kila siku inayofuata inasogea mbele karibu dakika 50. Mwezi ukiwa nusu, kama ile siku yangu ya mwezi nane, ndo maji mafu, bahari iko katikati tu, haijai vizuri haikupwi vizuri. Basi chukua kalenda, tafuta mwezi mpevu au mwezi mwandamo, weka safari yako hapo, halafu ndo uombe likizo kazini. Wengi tunafanya kinyume, tunaomba likizo kwanza alafu tunaenda kuilaumu bahari.

Safari ya pili nilienda na mama. Mama kastaafu, magoti yanamsumbua, hataki mambo ya kupanda vilima wala kukimbizana. Tukafika mwezi kumi na tatu, unakaribia mpevu, kesho yake saa moja na nusu tuko kwenye boti, tunafika mchanga ndo kwanza unachomoza. Mama akashuka na mwavuli wake, ule ule wa kanisani, akakaa kwenye kiti cha plastiki tulichokiazima gesti, katikati ya bahari, kanga kajifunga kiunoni miguu kwenye maji. Alikaa masaa mawili hakusema kitu. Mama yangu mimi namjua, masaa mawili bila kuuliza nani atapika ni muujiza. Na huo mwavuli ndo ushauri wenyewe, kule hakuna kivuli hata cha kijiti, na maji ya kunywa mbebe wenyewe. Kuna ada ya hifadhi pia, ulizia kabla mkubaliane na nahodha iko ndani ya bei au iko nje, msije mkaanza kubishana mkiwa ndani ya maji.

Msimu nao uangalie. Masika, Aprili na Mei, mi singeenda, mvua ni mvua kweli. Juni mpaka Agosti kusi inavuma, hali ya hewa nzuri sana ya kulala lakini boti inarukaruka, mwenye kichefuchefu atateseka. Kaskazi, kuanzia Desemba hivi, bahari inatulia ila joto utalijua.

Kufika ni rahisi. Kutoka Dar unapanda basi la Tanga pale stendi ya Magufuli Mbezi, mnapita Chalinze, Segera, Muheza, unashuka Kange, stendi ya Tanga, hapo unatafuta gari la Pangani, ni kama kilomita 50 kwenda kusini. Ila usiunganishe siku hiyo hiyo kama una mtu mzima, lala Tanga. Watu wanasema Tanga waja leo waondoka leo, sisi tulilala na tulifanya vizuri, asubuhi tukaondoka na tumbo lenye chai na mkate wa ajemi. Ukiwa na usafiri wako simama Tongoni njiani, kuna magofu ya msikiti na makaburi ya zamani ya enzi za miji ya Waswahili, yamejengwa kwa mawe ya matumbawe, dakika 40 zinatosha. Baada ya hapo ni mkonge na minazi mpaka mjini.

Sasa mji wenyewe. Nisikudanganye, ukienda unategemea Zanzibar utasema umepotea. Pangani imelala. Majumba ya zamani yapo kando ya mto, milango ya kuchonga, mengine yamebaki kuta tu na mti umeota ndani, boma la Mjerumani lipo, na watu wanaendelea na maisha yao humo humo, huku jumba la miaka mia na zaidi huku mtu kaanika dagaa. Tafuta kiongozi mwenyeji akutembeze asubuhi kabla jua halijawa kali, mlipe vizuri, maana bila kusimuliwa utaona ukuta tu.

Mi kilichonishika ni habari ya Abushiri, aliyeongoza watu wa pwani kupigana na Wajerumani. Shuleni tulikariri tu "vita vya Abushiri 1888 hadi 1889" tukajibu mtihani tukasahau. Kumbe yalianzia hapa hapa, Agosti 1888, Kampuni ya Wajerumani ilipotaka kusimika bendera yake, na mwakilishi wao pale alikuwa Zelewski, yule waliyemwita Nyundo, ambaye baadaye mwaka 1891 jeshi la Mkwawa lilimmaliza Lugalo kule Iringa. Abushiri mwenyewe alikuwa mtu wa mashamba ya miwa huku huku Pangani, na mashamba hayo yalilimwa na watumwa, hilo nalo tusiliruke. Alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Unasimama pale kando ya mto, kuna vijana wanakula mihogo ya kukaanga wanabishana Simba na Yanga, na unajua kwamba yote hayo yalitokea hatua chache kutoka ulipo.

Jioni usifanye kitu. Nasema kweli. Nenda kivukoni ukae tu uangalie watu wanavuka kwenda Bweni. Nilivyokuwepo mara ya mwisho daraja kubwa lilikuwa bado linajengwa kwa hiyo kila kitu kilikuwa kinapita kwenye pantoni, baiskeli yenye madumu manne, mbuzi wawili wamefungwa kamba moja, bibi kabeba ukili kichwani, lori la mchanga, na wote wanapangana bila mtu kupiga kelele. Vuka na wewe, nauli ni ndogo, ukifika Bweni geuka uutazame mji jua likizama.

Kuogelea, hapa wengi wanajuta. Ufukwe wa mjini uko jirani na mdomo wa mto, na mto huu umetoka mbali, Kilimanjaro na Meru, umepita Nyumba ya Mungu, unakuja na udongo wake, maji yana rangi ya chai ya maziwa. Kama unataka maji ya kuona vidole vyako nenda ng'ambo Ushongo, ulale huko hata usiku mmoja. Picha za kwenye mitandao za "hoteli Pangani" nyingi ni za huko, sio mjini. Mi kuna sehemu nililipia kabla kwa ajili ya picha, nikafika nikakuta ufukwe wa kwenye picha uko safari nzima ya kivuko na bodaboda. Piga simu uulize swali moja tu, mko upande gani wa mto.

Mengine haraka haraka. Huu ni mji wa Waislamu, mavazi ya ufukweni yaishie ufukweni, dada zangu kanga moja kwenye begi inatosha. Ramadhani mchana usitegemee mama lishe, ila ukifika muda wa kufuturu utashangaa na utakaribishwa. Beba chandarua kama hujaambiwa kipo. Beba na hela taslimu, nahodha na muuza dafu hawana habari na kadi yako. Samaki agiza mapema, mwambie mama mwenye mgahawa asubuhi kwamba jioni unataka changu wa kupaka, akupatie wa siku hiyo.

Na ukinunua samaki mkavu wa kurudi nao funga mara tatu, gazeti, mfuko, mfuko tena. Mama alisema mara moja inatosha. Kuanzia Segera mpaka Chalinze kaka wa siti ya mbele alifungua dirisha, akafunga, akafungua, mwisho akageuka akatuamkia kwa adabu kabisa, "Shikamoo mama, hivi huyo ni nguru?" Mama akamjibu marahaba mwanangu, ni nguru, na akampa kipande.