"Believe" peke yake na "believe in"

Mkuu, umeuliza kwa nini mwalimu aliikata "I believe in you" wakati ulitaka kusema umekubali maneno ya rafiki yako. Hako ka-"in" ndiko kalikokuponza. "I believe you" ni kusadiki alichosema mtu: mwenzako kachelewa, anasema daladala iliharibika njiani, nawe unaona hadanganyi. "I believe in you" ni kuwa na imani naye kwamba ataweza. Hiyo mwambie mdogo wako anayeingia kwenye mtihani. Ni "in" hiyo hiyo ya kumwamini Mungu, au kuamini kwamba majini yapo.

Halafu kuna ile ya ofisini, ambayo haina imani yoyote ndani yake. "I believe the meeting starts at ten" ni "nadhani kikao kinaanza saa nne", ila kwa adabu zaidi. Ukiulizwa jambo na huna uhakika kamili, "I believe so" inatosha.

"I am believing" achana nayo, sema "I believe" tu. Na nomino yake ni "belief", kwa f. Hapo hata wenye digrii huteleza.