Makofi ya kanisani si kura: mimi na kiti changu cha Minnesota

Juzi kijana mmoja kaniandikia, "Dada, nimeona Mkenya mwenzetu ameingia bungeni, hata mimi nataka kugombea bunge la jimbo hapa Minnesota, Marekani, nianzie wapi?" Nikacheka, halafu nikanyamaza, maana hilo swali mimi nililijibu vibaya 2024 na bado linanikereketa.

Anayemsema ni Huldah Momanyi-Hiltsley, mzaliwa wa Kenya, aliyechaguliwa Novemba 2024 kwenye nyumba ya wawakilishi ya Minnesota, yenye viti 134. Mwaka ule ule mimi pia niligombea, ila nilikuwa nimeshaanguka kitambo kwenye eneo bunge lingine. Nilimpongeza kwa moyo wote, karibu wote.

Nilianza kikwetu bana, harambee. Watu kama mia mbili kwenye ukumbi wa kanisa, pilau, mzee mmoja akaniombea mpaka mama akalia, kikapu kikapita. Kumbe huku kikapu ni balaa! Sheria ya Minnesota haikubali upokee zaidi ya dola 20 kutoka kwa mtu ambaye jina lake hulijui, kwa hiyo tulikesha na mhasibu wangu tukitafuta nani alitoa nini. Na mjomba aliyenitumia pesa kutoka Kisii ikabidi nimrudishie, kwa sababu ambaye si raia na hana grini kadi haruhusiwi kuchangia uchaguzi wa Marekani hata senti. Mjomba akasema nimekuwa mzungu. Mpaka leo akinipigia anaongea na watoto tu.

Lakini hiyo ni ndogo. Chama changu huchagua wajumbe Februari, Jumanne usiku, kwenye mikutano ya mitaa, halafu hao wajumbe ndio wanakaa baadaye kuamua nani apewe baraka za chama, na ukitaka hizo baraka lazima ufikishe asilimia 60. Mimi niliijua hiyo Februari kwa kusikia tu, nikatuma ujumbe kwenye gurupu za WhatsApp, watu wakajibu na mikono ya maombi, nikalala. Siku ya mkutano wenyewe wa kutoa baraka naingia ukumbini nimevaa kitenge changu kipya, nahesabu watu wangu, kumi na mmoja. Kumi na mmoja! Wengine wa kanisani hawana uraia, wengine wanaishi eneo bunge la jirani, na wengi walikuwa kazini, maana sisi ndio tunalea wazee wa hili jimbo usiku na wikendi. Yule mzee wa maombi hakuenda popote Februari, alisema baridi. Nilitoka raundi ya pili ya kura. Jioni hiyo hiyo mtu akaandika kwenye gurupu "tulimwambia asubiri zamu yake". Sikumbuki mtu aliyeniambia hivyo, na zamu inagawiwa na nani?

Ningeweza kuendelea bila baraka mpaka mchujo wa Agosti, ambako wapiga kura wenyewe ndio wanaamua nani awe mgombea wa chama. Ilhan Omar, yule mwanasiasa mzaliwa wa Somalia, 2016 alishindia huko huko, akamng'oa Phyllis Kahn aliyekuwa kwenye bunge la jimbo tangu 1973. Ila tusidanganyane, Ilhan hakutoka kambi ya wakimbizi Kenya akaruka moja kwa moja bungeni, alishasimamia kampeni ya diwani wa Minneapolis 2013, alijua kila mlango. Mimi sikuwahi kumbebea mtu hata bango, nikajiona nimetosha kwa sababu naongea vizuri kwenye matanga.

Kwa hiyo mdogo wangu, pesa ya fomu sio kikwazo, ni dola 100 tu. Unatakiwa uwe na miaka 21, uwe umeishi Minnesota mwaka mmoja na kwenye eneo bunge lako miezi 6 kabla ya uchaguzi. Chukua daftari. Andika jina, mtaa, raia au bado, Jumanne usiku anafanya shifti au yuko nyumbani. Kama bado hajaapa uraia, msaidie fomu sasa, usimtafute mwaka wa kura. Na ukifukuzwa na meneja kwenye zile nyumba za gorofa tunazoishi, jua sheria ya hapa inamlinda mgombea aliyejiandikisha aingie agonge milango. Mimi nilifukuzwa mara mbili nikaomba msamaha, eti nimekosa.

Na nyinyi mnaongoja muheshimiwa awaletee chai, huyu si MCA, yule diwani wa kaunti wa kwetu Kenya. Mshahara ni dola elfu hamsini na kitu kwa mwaka, hakuna dereva, hakuna bahasha. Tunapenda kusema "mtu wetu" siku ya kuapishwa, lakini Februari mtu wetu anakaa peke yake kwenye kiti cha plastiki akiangalia mlango. Hiyo tabia tuiache, nasema kwa uchungu, na mimi mwenyewe miaka yote kabla ya hapo sikuwahi kwenda.

Nimemuuliza yule kijana anaishi eneo bunge namba ngapi. Ameisoma, bado hajajibu.