Usiwafundishe "kaza" kabla hawajajua kupima

Mkuu, simamisha kwanza hiyo ratiba. Unataka kuingiza afya ya nyonga kwenye masomo ya fiziotherapia kwa mhadhara mmoja wa saa mbili mwaka wa mwisho, pamoja na karatasi ya mazoezi ya Kegel, yaani kukaza misuli ya sakafu ya nyonga, ile inayoshikilia kibofu na njia ya haja kubwa kutoka chini. Hivyo hivyo ndivyo nilivyofundishwa mimi, na waliolipia ni wagonjwa.

Mwaka 1991 huko Marekani, wanawake 47 walielekezwa kwa mdomo tu namna ya kukaza, kisha wakapimwa. Waliopatia ni kama nusu. Robo walifanya kwa namna inayoweza kuzidisha kuvuja mkojo! Mtu anayekosea utamwona: anabana pumzi, tumbo linatoka, makalio yanakakamaa, msamba (kati ya sehemu za siri na njia ya haja kubwa) unashuka. Anayepatia, msamba unapanda na kuingia ndani huku mapaja yametulia na pumzi inaendelea. Karatasi haitakuonyesha hilo.

Halafu kuna mgonjwa ambaye misuli yake imekaza tayari: tendo la ndoa linauma, mkojo unatoka kwa kusitasita, choo hakimalizi. Ukimwambia naye akaze kutwa nzima, unamuumiza. Huyo anafundishwa kuachia: avute pumzi hadi mbavu zitanuke, ausikie msamba ukishuka taratibu. Wanaohubiri Kegel kama dawa ya kila tatizo la nyonga wananiudhi kupita kiasi, kwa sababu mgonjwa akizidiwa huambiwa hajafanya mazoezi ya kutosha.

Kwa hiyo pima, legeza, ndipo ukaze. Anza na ridhaa, na mgonjwa ajue anaweza kuiondoa wakati wowote. Angalia msamba, kisha pima kwa kidole ukeni au njia ya haja kubwa: nguvu kwa alama 0 hadi 5, sekunde anazoshikilia, marudio, na kama anaachia kabisa. Asiyetaka kupimwa ndani, tumia ultrasaundi juu ya tumbo, kibofu kikiwa na mkojo. Anayevuja akikohoa, na misuli yake inaachia vizuri, ndiye wa kupewa mibano 8 mara 3 kwa siku, chini ya usimamizi, miezi 3 au zaidi.

Yote haya hayaingii kwenye saa mbili. Anza mwaka wa kwanza, kwenye anatomia, sakafu ya nyonga ifundishwe pamoja na kiwambo cha kupumulia. Na kwenye mtihani wa vitendo, mwanafunzi asiyeomba ridhaa au asiyepima kuachia arudie, hata kama mengine yote kayapata.